GPS ya pikipiki ya mizigo: cha kuangalia unaponunua na namna ya kuifunga

Leo naongea na wenzangu mnaouza mtandaoni na mna pikipiki ya kupelekea wateja mizigo, iwe ulilipa keshi au bado uko kwenye mkataba. Mimi niko Chimala, nauza nguo na viatu, na msimu wa mavuno naongezea mchele. Kijana wangu anapeleka mizigo Igurusi, Rujewa, na siku nyingine anapanda Matamba. Pikipiki ile ikipotea, biashara imelala. Ndiyo maana nimekaa na hivi vifaa mpaka nikavielewa.

Kifaa cha GPS kinapokea mawimbi ya satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, hapo kinajua kiko wapi. Lakini satelaiti haikuambii wewe. Anayekuambia ni laini ya simu iliyo ndani yake, inatuma taarifa halafu unaona kwenye simu yako. Ni vitu viwili, anga na mtandao. Kimoja kikikosekana, huoni kitu.

Hapo ndipo watu wanapopigwa. Kuna vidude vidogo vya sumaku vinauzwa bei ya kutupa kwa jina la GPS, kumbe ndani hakuna GPS. Vinakadiria kwa minara ya simu tu, alama yake ni neno LBS. Mnara unaweza kukosea mita mamia, na huku kwetu kwenye minara michache hata kilomita kadhaa. Pikipiki iko Igurusi stendi, wewe unaitafuta kwenye majaruba. Muulize muuzaji akuonyeshe neno GPS kwenye lebo, halafu kiwashwe nje, mahali pa wazi, ukione kikileta sehemu sahihi kabla hujatoa hela.

Uliza pia kama kinahifadhi safari pasipo na mtandao na kuituma baadaye, kwa anayepanda milimani hicho ni cha lazima. Angalia namba ya kuzuia maji: IP65 inastahimili maji ya kurushwa, IP67 hata kuzama mita 1 kwa nusu saa. Mnajua vijana wanavyooshea pikipiki kwa mashine.

Sasa umeme, wengi hawaulizi. Chukua betri ya 5Ah na kifaa kinachokula miliampea 50 muda wote. 5,000 gawa kwa 50 ni saa 100, siku nne na kidogo. Kijana akiugua wiki moja, unakuta betri imekufa. Tafuta kinacholala pikipiki ikizimwa. Kikishuka mpaka miliampea 5, betri ileile inaenda saa 1,000, zaidi ya siku 40. Na kiwe na kibetri chake cha ndani, ili mwizi akikata waya upate taarifa na saa chache za kumfuatilia.

Kufunga nenda kwa fundi umeme wa pikipiki, na usimame hapohapo. Mahali pazuri ni chini ya siti, au nyuma ya kava la plastiki. Plastiki na sponji havizuii mawimbi, chuma kinazuia. Upande wa antena uangalie juu. Kaa mbali na injini na ekzosi. Mara nyingi waya mwekundu ni chanya, mweusi hasi, na mmoja unaenda kwenye swichi ya funguo, ila soma karatasi ya kifaa chako maana rangi zinabadilika. Weka fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 karibu na betri. Waya zifuate njia za waya za pikipiki yenyewe na kutepiwa vizuri, mwizi asione kitu kigeni. Kifaa kikazwe kwa taiti, kisichezecheze.

Kuna waya wa kuzima injini kwa simu. Huu ndio wauzaji wanausifia sana, na mimi nasema usiunganishwe, uzibwe kwa tepu uishie hapo. Fikiria barabara ya Matamba, ile tunayoiita hamsini na saba kwa kona zake. Kijana yuko katikati ya kona, kabeba gunia, injini inazimika. Au yuko barabara kuu na lori la Tunduma liko nyuma yake. Na siyo wewe tu unayeweza kubonyeza. Julai 2022 taasisi ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, ilitoa tahadhari kuhusu kifaa cha MiCODUS MV720 kwamba mtu wa mbali angeweza kukiingilia, mpaka kukata mafuta. Nywila yake ya kiwandani ilikuwa 123456, na vifaa vingi vya bei rahisi vinakuja na hiyohiyo. Badilisha siku ya kwanza.

Laini isajiliwe kwa alama zako wewe, siyo za fundi wala muuzaji. Piga *106# uhakikishe. Intaneti inayoliwa ni ndogo, mara nyingi haifiki MB 100 kwa mwezi, ila weka kumbukumbu ya kuongeza kabla haijaisha.

Na mwambie dereva. Kuna wanaoficha, mimi sikubaliani nao. Mwenzako anatembea na hicho kifaa kutwa nzima, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Tuliandika kwenye makubaliano yetu kwamba naangalia muda wa kazi tu, na kwamba simzimii pikipiki njiani. Akitoka na mzigo namtumia mteja muda wa kufika, basi.

Ukishafunga, mtume kijana safari moja ndefu huku unaangalia ramani. Mstari ukirukaruka mahali ambapo simu zinashika vizuri, fungua siti, geuza antena, mtume tena.