Kwa Nini Mfamasia Huendelea Kusoma

Cheti cha chuo humruhusu mfamasia kuianza kazi. Hakimtoshelezi kuifanya maisha yake yote. Tuchukue mfano wa malaria.

Mfamasia aliyehitimu nchini Tanzania katika miaka ya 1990 alifundishwa kuwa klorokwini ndiyo dawa ya kwanza. Mwaka 2001 dawa hiyo iliondolewa katika nafasi hiyo, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuwa sugu, ikaingia SP. Mwaka 2006 SP nayo iliipisha dawa mseto, ALu. Maelekezo yalibadilika pia. SP ilimezwa mara moja tu. ALu ina dozi 6 kwa siku 3, ya pili ikimezwa saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vema. Mfamasia asiyejifunza upya angeweza kutoa dawa halisi, isiyopitwa na muda, na bado mgonjwa asipone.

Kwa hiyo, unapopewa dawa, uliza:

1. Nimeze kiasi gani, na kwa siku ngapi?
2. Nile kwanza?
3. Je, inapatana na dawa ninazotumia sasa?
4. Nikitapika baada ya kumeza, nifanyeje?

Mfamasia akikuambia, "Subiri nihakikishe," kisha akafungua mwongozo, usimdharau. Anayestahili kutiliwa shaka ni yule anayekupa dawa bila maelezo yoyote.