Likizo ya Ufukweni: Safari Huanza Siku ya Kuipanga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na maswahaba zake wote.



Mitihani ya semista inakaribia kwisha, na simu zetu zimejaa matangazo ya safari. Moja linaita watu Visiwa vya Ssese kwa usiku 2, pamoja na boti, muziki na vinywaji mpaka alfajiri. Lingine linaita Zanzibar, kwenye sherehe ya mwezi mpevu katika ufuko wa Kendwa. Wengine kati yetu wanatumiana picha za visiwa vya Ugiriki kama Mykonos na Ios, ambako vijana wa Ulaya hulala mchana na kukesha usiku, na wanasema, "Siku moja, inshallah." Hiyo inshallah nayo tutaitazama.

Baada ya darsa la Magharibi, ndugu mmoja aliniuliza: "Ustadh, nikienda na nisinywe, nisicheze, nikae tu na wenzangu ufukweni, kuna ubaya gani?" Swali lake ni zuri na linastahili jibu kamili, si kukemewa. Somo hili ni jibu langu kwake na kwa kila anayejiuliza hivyo kimoyomoyo.

1. Je, Uislamu unakataza kufurahi?

Tuanze hapa, kwa sababu wengi wanaokwenda kwenye sherehe zile wanaamini kwamba msikitini hakuna furaha.

Hanzala (radhiya Allahu 'anhu) alimwendea Mtume (s.a.w.) akiogopa kwamba amekuwa mnafiki. Akiwa mbele ya Mtume moyo wake huona Akhera kama yuko nayo, na akirudi kwa mkewe, watoto na mashamba, husahau mengi. Mtume alimweleza kwamba mwanadamu ana saa ya hivi na saa ya vile. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Bibi Aisha (radhiya Allahu 'anha) alishindana mbio na Mtume wakiwa safarini, kama alivyopokea Abu Dawud. Na siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume akamsitiri Aisha akitazama mpaka alipotosheka mwenyewe.

Katika Suratul A'raf, aya ya 32, Allah anawauliza kwa kuwakemea wale wanaoharamisha pambo na vitu vizuri alivyowatolea waja wake. Na katika Suratul Ankabut, aya ya 20, anaamrisha watu watembee katika ardhi na watazame namna alivyoanzisha uumbaji. Ziwa, mchanga, machweo ya jua na samaki wa kuchoma vimo katika neema hizo. Kwa hiyo hatuna ugomvi na ufukwe wala na kucheka.

2. Nia ya safari na hukumu yake

Hapa ndipo penye jibu la ndugu yangu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu Uganda tunayafuata, wanavyuoni wametofautisha watu wawili.

Wa kwanza ni yule ambaye safari yake yenyewe ni maasi: ametoka nyumbani kwa lengo la haramu. Huyu hapati ruhusa za msafiri. Hapunguzi swala, hajumuishi, na katika Ramadhani hafungui, mpaka atubie. Wa pili ni yule aliyetoka kwa lengo la halali, kama biashara, kutembelea ndugu au mapumziko, kisha njiani akateleza. Huyu ana dhambi ya kosa lake, lakini safari yake inabaki safari na ruhusa zake anazo. Wanavyuoni wa Kihanafi wanawapa wote wawili ruhusa, lakini hata kwao dhambi haiondoki.

Tazama watu hawa wawili. Huenda wamepanda taksi moja, wamelala kisiwa kimoja na wamefanya kosa moja. Kilichowatenganisha ni walichokusudia siku ya kupanga. Hii ndiyo sababu nasema safari ya ufukweni haianzi unapokanyaga mchanga. Inaanza siku unapotoa pesa.

Sasa, anayenunua tiketi ambayo ndani yake pombe imeshalipiwa na usiku wote umepangiwa disko, amenunua nini? Hata asipoonja, fedha yake imeingia katika chungu kimoja na za wenzake, na Suratul Maida, aya ya 2, inakataza kusaidiana katika dhambi. Imepokewa pia katika Tirmidhi kwamba anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Katazo hili ni la kukaa, wala halikungoja kunywa. Na inshallah haitamkwi juu ya mpango kama huo. Tunaitamka juu ya jambo tunaloomba Allah aliridhie.

3. Watu wa mji wa kando ya bahari

Qur'ani ina kisa cha watu wa ufukweni, katika Suratul A'raf kuanzia aya ya 163. Waliishi kando ya bahari na walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakajaribiwa: siku hiyo samaki walionekana juu ya maji, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wengi, akiwemo Ibn Kathir, wanaeleza hila yao. Walitega mitego kabla ya Sabato na kukusanya samaki baada yake. Siku yenyewe mikono yao ilikuwa mitupu, na bado Allah aliwahesabu kuwa wamevuka mipaka, kwa sababu kosa walilitenda wakati wa kutega.

Mji ule ulikuwa na makundi matatu: waliovunja, waliokataza, na waliowaambia wakatazaji kwamba wanajisumbua bure. Wakatazaji walijibu kwamba wanataka udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wale wakamcha Mungu. Viongozi wa jumuiya yetu, jibu hili ni letu. Lakini tusisahau kwamba samaki wa siku nyingine walikuwa halali. Tukisema "msiende" halafu tukanyamaza, tumefanya nusu ya kazi.

4. Tupange yetu

Baada ya semista iliyopita, ndugu 14 tulikwenda kisiwa cha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya wilaya ya Kalangala. Naeleza tulivyopanga ili mwingine apate pa kuanzia.

*Siku.* Tuliondoka Jumamosi na kurudi Jumatatu. Wengi hupenda kuondoka Ijumaa, lakini kwa Mashafi'i, mkazi ambaye Ijumaa ni wajibu kwake hasafiri baada ya alfajiri ya siku hiyo ikiwa atakosa swala ya Ijumaa njiani. Kubadilisha siku hakukutugharimu chochote.

*Amiri.* Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Tulimteua wiki 2 kabla, akashika fedha na orodha ya majina.

*Swala.* Feri ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, kwa ratiba iliyozoeleka huondoka saa nane mchana na kufika Lutoboka kiasi cha saa kumi na moja na nusu. Kwa hiyo tulitoka Kibuli asubuhi, tukaswali Adhuhuri Entebbe, na Alasiri tukaiswali tulipoteremka, kwa kuwa jua la kwetu huzama karibu na saa moja. Kuhusu kupunguza: masafa ya kusafiria kwa Mashafi'i ni zaidi ya kilomita 80, na njia ya Entebbe iko mpakani kabisa, hivyo tulichukua tahadhari tukaswali kamili. Anayepita Masaka, akavuka kwa feri ya Bukakata hadi Luku, amepita masafa bila shaka. Ila ajue kwamba, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, anayechagua njia ndefu kwa ajili tu ya kupunguza swala hapunguzi. Lazima awe na sababu, kama nafuu au usalama.

*Malazi.* Tulipiga simu kabla na kuuliza mambo matatu: baa iko umbali gani, chakula kinapikwa na nani, na kuna mahali pa kuswali jamaa? Mwenye nyumba alishangaa, kisha akatupa nyumba ya pembeni kabisa.

*Usiku.* Hapa ndipo safari nyingi za "halali" huharibikia. Mchana watu wanaogelea na kucheza mpira. Baada ya Isha hakuna kilichopangwa, na muziki wa jirani unasikika vizuri, basi mmoja anakwenda "kutazama tu", na wa pili anamfuata. Sisi tuliupangia usiku shughuli kuliko mchana: moto, ngege wa kuchoma, mashindano ya maswali ya sira kwa timu 2, qasida, na hadithi za vituko vya walimu wetu wa sekondari ambazo zilituliza machozi kwa kicheko. Saa nne na nusu tulizima moto, kwani Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo marefu baada ya Isha, na tulitaka kuiona Alfajiri juu ya ziwa. Tuliiona.

*Mavazi.* Uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti, hata majini. Kaptura ndefu zinauzwa, na bei yake si kubwa.

5. Na dada zetu?

Dada mmoja alinitumia ujumbe: "Nyinyi mnakwenda Ssese, sisi tunaambiwa hapana, basi." Ana haki ya kulalamika. Hadithi za kukataza mwanamke kusafiri bila maharimu ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na wapo wanavyuoni waliozungumzia msafara wa wanawake waaminifu wakati wa amani. Mjadala huo tuwapelekee masheikh wetu, tusiukate wenyewe. Lakini si kila burudani ni safari. Fukwe za Entebbe na Ggaba ziko karibu, na siku za kazi huwa tulivu. Siku moja pamoja na mama, shangazi na kaka, kwenye sehemu iliyokodiwa kwa dada peke yao, inawezekana kabisa. Bajeti ya jumuiya iitoe kama inavyotoa ya wanaume.

Tukumbuke pia Ummu Haram (radhiya Allahu 'anha). Mtume (s.a.w.) alipoota umma wake wakipanda bahari kama wafalme, aliomba aombewe awe miongoni mwao. Akapanda bahari hiyohiyo ya Mediterania yenye visiwa tunavyovitamani kwenye simu, akafia Kupro alipoanguka kutoka kwa mnyama wake. Mwanamke wa Kiislamu ana historia yake baharini.

6. Usalama ni ibada

Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe ya MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walifariki. Maofisa walisema boti ilikuwa imezidisha abiria. Miezi 2 kabla yake, MV Nyerere ilizama karibu na Ukara, Tanzania, na watu zaidi ya 200 walikufa wakitoka sokoni na shughuli zao za kawaida. Basi asisimame mtu mimbarini akasema wale wa boti ya muziki waliadhibiwa. Tunayo hadithi kwamba anayekufa kwa kuzama ni miongoni mwa mashahidi, na hukumu ya kila mmoja iko kwa Mola wake.

Somo letu ni jingine: Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa katika maangamizi. Hesabu abiria kabla ya kupanda. Vaa jaketi la kujiokolea tangu gatini, usilifanye mto wa kukalia. Chombo kikijaa, subiri kingine hata kama umeshalipa. Soma dua ya kupanda chombo. Na usiogelee kwenye matete na maji yaliyotuama, kwa maana ziwa letu lina kichocho.

Hitimisho

Ndugu yangu uliyeuliza, ubaya umo katika ratiba uliyoikubali kabla hujafika. Na kheri nayo imo katika ratiba. Umegundua kwamba mwezi mpevu unaowakusanya watu Kendwa ndio mwezi wa masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15, ambayo ni sunna kuyafunga? Mwezi ni mmoja. Mwingine ameupangia disko, nawe unaweza kuupangia daku na futari ufukweni pamoja na ndugu zako.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Eleza tofauti kati ya mwenye safari ya maasi na anayeasi safarini. Toa mfano wa kila mmoja kutoka maisha ya chuo.
2. Watu wa Sabato walikosea wakati gani hasa? Ni "mitego" gani tunayoitega sisi?
3. Andaeni ratiba ya siku 2 yenye swala zote kwa wakati, na shughuli ya kila usiku.
4. Dada zetu wapendekeze siku, mahali na gharama. Mapendekezo yafike kwa Amiri kabla ya mtihani wa mwisho.

Allah atuafikishe katika mitihani, atusalimishe njiani, na atujaalie furaha isiyo na majuto. Wabillahi tawfiq.