Mieleka ya Sekondari Marekani: Majibu kwa Mzazi Anayesita

Kila Novemba, baridi inapoanza kukaza, shule za sekondari za Marekani hutandaza mikeka minene katika kumbi zao za michezo, na msimu wa mieleka hufunguliwa. Hudumu hadi Februari au Machi, mabingwa wa kila jimbo wanapopatikana. Iowa ni miongoni mwa majimbo yanayoupenda mchezo huu kupita mengine yote. Mashindano ya jimbo mjini Des Moines hujaza ukumbi mkubwa kwa siku kadhaa mfululizo. Iowa hiyohiyo sasa ni makazi ya familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, zilizohamia Des Moines, Iowa City na Cedar Rapids.

Mtoto anarudi nyumbani na fomu ya kusainiwa. Anataka kujiunga na timu ya mieleka. Mzazi aliyekulia kwenye kandanda anaitazama fomu hiyo kwa mashaka, na ana haki ya kuuliza kabla hajashika kalamu.

Je, hii ni ile mieleka ya kwenye runinga?

Sio. Ile ya WWE ni maonyesho, na mshindi hujulikana kabla pambano halijaanza. Mieleka ya shule ni mashindano ya kweli: vipindi vitatu vya dakika mbili kila kimoja, bila ngumi, bila mateke, bila kukabana koo. Anayemwangusha mwenzake na kumdhibiti hupata pointi 3. Kabla ya msimu wa 2024-25 zilikuwa 2. Aliye chini akichomoka hupata 1, na akimgeuzia kibao aliye juu hupata 2. Mabega yote mawili yakibanwa kwenye mkeka kwa sekunde mbili, pambano limekwisha. Tofauti ikifika pointi 15, mwamuzi husimamisha.

Washindani hupangwa kwa uzito, kuanzia takriban kilo 48 hadi 129 kwa wavulana. Hapo ndipo upekee wa mchezo huu ulipo. Kijana mfupi asiyepata nafasi kwenye mpira wa kikapu, na mnene anayechekwa akikimbia, wote wana nafasi zao, na pointi zao huhesabiwa sawasawa katika jumla ya timu.

Tukirudi kwenye WWE, baadhi ya nyota wake walianzia kwenye mieleka hii ya shule. Kurt Angle alipitia mieleka ya sekondari Pennsylvania kabla ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996. Brock Lesnar, aliyekulia South Dakota, alikuwa bingwa wa vyuo vikuu mwaka 2000.

Kwa nini husemwa mchezo huu hujenga tabia?

Kwa sababu hauachi pa kujificha. Kwenye kandanda, bao likifungwa, beki humtazama kipa na kipa humtazama beki. Kwenye mkeka kijana yuko peke yake mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wenzake. Akishindwa, mwamuzi huinua mkono wa mpinzani wake naye akiwa amesimama palepale, kisha humpa mkono aliyemshinda. Kijana wa miaka 15 akilipitia jambo hilo mara ishirini kwa msimu, anajifunza kukubali matokeo bila kutafuta wa kulaumu.

Kuna somo jingine ambalo watazamaji hawalioni. Kila uzito una nafasi moja tu kwenye timu ya kwanza. Wawili wakiitaka, hushindana wenyewe kwa wenyewe mazoezini. Anayekosa huendelea kufanya mazoezi na aliyempokonya nafasi, siku kwa siku, kwa sababu bila mwenza wa mazoezi hakuna anayeendelea. Kumsaidia aliyekushinda awe bora zaidi si jambo jepesi kwa kijana. Huku, hiyo ndiyo kazi ya kila jioni.

Lakini mchezo usipewe sifa yote. Wanaochukia ugumu huu huacha mapema, na wanaobaki huenda walikuwa na ustahimilivu tangu mwanzo. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mieleka humpa kijana mahali pa kuutumia ustahimilivu huo kila siku, mbele ya watu wanaomtegemea.

Mtoto akishindwa kila mara, hatavunjika moyo?

Wapo wanaovunjika. Wapo pia kina Kyle Maynard wa Georgia, aliyezaliwa mwaka 1986 mikono yake ikiishia kwenye viwiko na miguu kwenye magoti. Alianza mieleka akiwa mtoto na akashindwa katika mapambano yake 35 ya kwanza. Baba yake na makocha walimsaidia kubuni mbinu zinazoufaa mwili wake. Katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari alishinda mapambano 36. Watanzania wana sababu ya kulikumbuka jina lake: Januari 2012 alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kutambaa, bila viungo bandia.

Anthony Robles wa Arizona alizaliwa na mguu mmoja. Alichelewa kuuanza mchezo na mwanzoni alikuwa dhaifu, lakini misimu yake miwili ya mwisho sekondari alishinda mapambano yote 96. Mwaka 2011 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika uzito wa paundi 125, takriban kilo 57.

Vijana hawa wawili hawakuinuliwa na ari pekee. Kila mmoja alikuwa na mtu mzima aliyekaa naye kutafuta njia iliyomfaa yeye. Mtoto anayeshindwa kila wiki bila mtu wa kumwonyesha alipokosea hapati funzo lolote. Anapata aibu tu.

Mchezo unaweza kumsaidia kijana aliyefikwa na msiba?

Unaweza kumpa mpangilio wa siku na watu wa kuwa nao. Dan Gable, mwanamieleka mashuhuri kuliko wote Marekani, alikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Waterloo, Iowa, dada yake Diane alipouawa nyumbani kwao mwaka 1964. Wazazi walikuwa wakivunjika, wakitaka kuikimbia nyumba hiyo. Gable aliomba wabaki, akahamia chumba cha dada yake. Alimaliza sekondari akiwa ameshinda mapambano 64 bila kushindwa hata moja. Chuoni alishinda 117, akapoteza la mwisho mwaka 1970 mbele ya Larry Owings kwa 13-11. Miaka miwili baadaye, mjini Munich, alitwaa dhahabu ya Olimpiki bila mpinzani yeyote kupata pointi dhidi yake.

Tamyra Mensah-Stock, binti wa Mghana aliyehamia Texas, alikuwa sekondari baba yake alipofariki katika ajali ya gari akirudi nyumbani kutoka kumtazama akishindana. Binti huyo alikaribia kuuacha mchezo, akidhani kifo kile kilikuwa kosa lake. Familia na makocha walimshika mkono. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kushinda dhahabu ya mieleka, akimshinda Blessing Oborududu wa Nigeria kwenye fainali.

Hata hivyo, mazoezi si tiba ya majonzi. Kijana aliyefiwa anahitaji watu wa kuzungumza naye, na kocha mwema ni mmoja wa watu hao.

Ni kweli vijana hujinyima chakula na maji ili wapunguze uzito?

Hili ndilo doa kubwa la mchezo huu. Kwa miongo mingi vijana walikimbia wakiwa wamevaa mavazi ya plastiki, wakakaa kwenye vyumba vya joto, wakatema mate kwenye chupa, yote ili washuke uzito mmoja chini wakutane na wapinzani wadogo. Mwishoni mwa mwaka 1997, ndani ya kipindi cha zaidi kidogo ya mwezi mmoja, wanamieleka watatu wa vyuo vya North Carolina, Wisconsin na Michigan walikufa wakijikausha kwa namna hiyo. Sheria za vyuo zikabadilishwa haraka, na za sekondari zikafuata.

Tangu msimu wa 2006-07, sheria za kitaifa za sekondari zinataka kila mwanamieleka apimwe kabla ya msimu. Kwanza hupimwa mkojo kuhakikisha ana maji ya kutosha mwilini, kisha kiasi cha mafuta. Mvulana haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 7 ya mafuta, wala msichana chini ya asilimia 12, na hakuna anayeruhusiwa kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Kijana wa kilo 60, kwa mfano, hawezi kushuka zaidi ya gramu 900. Vyumba vya joto, mavazi ya plastiki na dawa za kuharisha au kukojosha vimepigwa marufuku.

Sheria ipo, ila jikoni kwa mzazi hakuna mwamuzi. Mtoto akianza kuruka chakula cha jioni, akikataa maji, au akivaa masweta mawili ndani ya nyumba yenye joto, mzazi ampigie kocha simu siku hiyohiyo.

Na wasichana?

Mwaka 1994 sekondari za Marekani zilikuwa na wasichana 804 tu kwenye mieleka, wengi wao wakishindana na wavulana. Hawaii ilianzisha mashindano ya jimbo ya wasichana mwaka 1998. Katika msimu wa 2023-24 walizidi 64,000, na wavulana walikuwa zaidi ya 290,000. Helen Maroulis wa Maryland ni wa kizazi kilicholazimika kupambana na wavulana: alikuwa msichana wa kwanza kupata nafasi ya medali kwenye mashindano ya jimbo lake. Mwaka 2016, mjini Rio, alimshinda Saori Yoshida wa Japani na kuwa Mmarekani wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya mieleka.

Leo, katika majimbo mengi, msichana hushindana na msichana mwenzake. Kwa familia zinazojali stara, ipo habari njema: tangu msimu wa 2017-18 si lazima kuvaa lile vazi moja la kubana mwili. Fulana ya kubana na kaptura za mieleka zinaruhusiwa, kwa wasichana na wavulana pia.

Majeraha na magonjwa ya ngozi je?

Yapo. Mabega, magoti na vidole huumia, na kichwa kikigonga mkeka au goti la mpinzani, ubongo unaweza kutikisika. Majimbo yote yana sheria inayotaka kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe mchezoni na asirudi hadi mtaalamu wa afya amruhusu. Masikio yanayosuguliwa mara kwa mara huvimba na kukakamaa daima, ndiyo maana sekondari kofia ya kukinga masikio ni lazima katika mashindano.

Ngozi nayo ni jambo la kuangaliwa. Choa, malengelenge ya virusi na majipu ya bakteria husambaa kwa kugusana. Kabla ya pambano ngozi hukaguliwa, na mwenye dalili hashindani bila cheti cha daktari. Kinga yenyewe ni ya kawaida: mikeka isafishwe kwa dawa kila siku, kijana aoge mara tu baada ya mazoezi, nguo zifuliwe, taulo zisiazimwe.

Mzazi amwogope kocha au amwamini?

Amjue kwanza. Kocha wa mieleka ana mamlaka makubwa juu ya mwili na moyo wa kijana, na mamlaka hayo yamewahi kutumiwa vibaya sana. Dennis Hastert, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1999 hadi 2007, alikuwa kocha wa mieleka wa sekondari Illinois hadi 1981. Mwaka 2016 alikiri mahakamani kuwa aliwatendea vibaya baadhi ya vijana wake, na jaji akamwita mnyanyasaji sugu wa watoto. Alihukumiwa miezi 15 kwa kosa la kibenki lililohusu fedha za kumnyamazisha mmoja wao, kwa kuwa muda wa kisheria wa kushtaki unyanyasaji wenyewe ulikuwa umekwisha.

Wakati mwingine tatizo si kocha bali ni wote waliopo ukumbini. Desemba 2018, New Jersey, mwamuzi alimpa mwanafunzi mweusi mambo mawili achague: akatwe rasta zake au anyimwe pambano. Nywele zikakatwa palepale kando ya mkeka, watu wazima wakitazama. Mwamuzi huyo alisimamishwa kazi, na mwaka mmoja baadaye jimbo hilo likapitisha sheria inayokataza ubaguzi wa nywele.

Mieleka inaweza kumlipia chuo?

Kwa wachache sana. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024-25, timu ya wanaume ya daraja la juu la vyuo iliruhusiwa kugawa nafasi kamili za ufadhili zisizozidi 9.9 kwa timu nzima, yenye vijana wapatao thelathini. Wengi walipata sehemu tu ya ada, na wengine hawakupata kitu. Mtoto asipelekwe mielekani kwa hesabu ya ada. Alama za darasani hufungua milango mingi zaidi.

Basi fomu isainiwe?

Kwa kijana anayeutaka mchezo kwa hiari yake, ndiyo. Ila kabla ya kusaini, mzazi aende shuleni aketi kwenye benchi atazame mazoezi ya siku moja tangu mwanzo hadi mwisho. Atazame kocha anazungumza vipi na kijana aliye dhaifu kuliko wote. Aulize nani hupima uzito na lini, mikeka husafishwa na nani, ni nani mwingine huwapo kocha anapobaki na mwanafunzi, na nani huwasafirisha watoto wakishindana mji mwingine. Kama Kiingereza kinampiga chenga, aiombe shule mkalimani; shule za umma za Marekani zinatakiwa kisheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Kocha anayejibu maswali hayo kwa utulivu anastahili kukabidhiwa mtoto. Anayekasirika kuulizwa, fomu yake irudi bila sahihi.