Dondoo muhimu: Kununua na kutunza fanicha kuukuu ya paini

Kabla hujapakia kabati la paini la mtindo wa Skandinavia kwenye pikapu ulipeleke nyumbani, zingatia haya:

1. Vuta droo yote nje: kazi ya zamani huungwa kwa meno yaliyopachikana, si misumari na gluu tu.
2. Chunguza matundu madogo. Unga mpya chini yake ni ishara kwamba bungua bado wamo.
3. Nusa mbao: saiprasi ya hapa kwetu ina harufu kali, usiuziwe kwa bei ya paini ya ng'ambo.
4. Ukichongewa fanicha ya mbao za paleti, chagua paleti zenye muhuri wa HT, zilizotibiwa kwa joto. Kataa za MB, zilizofukizwa sumu.
5. Usikimbilie vanishi: Waskandinavia husugua paini kwa maji ya sabuni, wakifuata nyuzi za mbao.
6. Ukipaka mafuta ya kitani, tandaza matambara nje yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.
7. Usiiweke penye jua kali la dirishani. Itageuka manjano upesi na kupasuka.
8. Paini ni laini: tandika kitu chini ya sufuria ya moto.

Mikwaruzo isikutishe, lakini miguu ikitikisika, omba upunguziwe bei.