Datsun 240Z Inapotetema: Hesabu Kabla ya Kushika Spana

Rafiki yangu alinipigia simu akiwa amechoka. Gari lake, Datsun 240Z ya mwaka 1972, lilikuwa limefungwa tairi nne mpya, limebalansiwa mara tatu kwa mafundi wawili tofauti, na raba ya gia boksi ilikuwa imebadilishwa. Hata hivyo, kila akifika kilomita 85 kwa saa, kioo cha kutazamia nyuma kilianza kutetema hadi lori lililomfuata likawa ukungu mtupu. Akipita 100, gari lilitulia. Aliniuliza abadilishe nini sasa. Nikamwambia asibadilishe kitu chochote mpaka tuhesabu.

Gari hili lina historia yake kwetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakalirudisha kileleni. Lakini lililobaki gereji leo limepita miaka 50. Raba zimekauka na grisi imegeuka nta. Halafu kila fundi aliyelipitia kwa miaka hiyo yote ameacha alama yake.

Njia ya nguvu ni hii: injini ya silinda sita mbele, klachi, gia boksi, propela, kisha difu iliyofungwa kwenye bodi. Kutoka kwenye difu shafti mbili zinakwenda magurudumuni. Propela ina krosi mbili, na kila shafti ina mbili, kwa hiyo krosi ni sita kwa jumla. Yoyote kati ya hizo inaweza kutetemesha gari, na dereva aliyekaa kitini hawezi kujua ni ipi kwa kuhisi tu.

Kinachosaidia ni kwamba kila kitu kinachozunguka kina idadi yake ya mizunguko. Tairi ya gari hili, kwa saizi iliyozoeleka, hutembea kama mita mbili kila inapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kwa sekunde, maana yake gurudumu linazunguka karibu mara 13. Difu ya gari la rafiki yangu ina uwiano wa 3.9, hivyo propela inazunguka kama mara 50 kwa sekunde hiyo hiyo. Yaliyouzwa Marekani yakiwa na gia nne yana difu ya 3.36, na hapo propela inazunguka kama mara 43. Jua difu yako kwanza, vinginevyo hesabu yote itakupotosha.

Siku hizi simu ya mkononi hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji kifaa cha bei. Kuna programu za bure zinazopima mtetemo na kuonyesha unarudia mara ngapi kwa sekunde. Bana simu kwa utepe kwenye sakafu kati ya viti, abiria asome, dereva aangalie barabara. Kwa mwendo huo wa 90, ukiona 13, kosa liko kwenye tairi, rimu au habu. Ukiona 25 au 26, fikiria tairi iliyopoteza umbo, au krosi za shafti za nyuma, kwa sababu krosi iliyopinda husukuma mara mbili kila mzunguko. Ukiona 50, tazama propela, au injini ikiwa uko gia ya nne, maana kwenye gia hiyo vyote viwili vinazunguka sawa.

Kuvitenganisha ni rahisi. Tafuta barabara nyoofu isiyo na magari, fika kwenye mwendo unaotetemesha, kanyaga klachi, weka nyutro, uiache injini ishuke hadi sailensa. Usizime ufunguo kamwe, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Mtetemo ukibaki, injini na klachi hazina hatia. Ukitoweka, simamisha gari na upandishe injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika ukiwa umesimama. Ikitetema hapo, angalia puli ya mbele yenye raba ndani, flaiwili, na kifuniko cha klachi kama kiliwahi kufunguliwa na kurudishwa bila alama. Isipotetema hapo, basi mtetemo unatokea gari linapovuta mzigo. Raba ya mbele ya difu huwa imechanika, pua ya difu inanyanyuka unapokanyaga mafuta, na propela inakaa kwa pembe ambayo haikukusudiwa. Mara nyingi utasikia pia mgongano wa ghafla, ko!, unapoachia klachi.

Jambo moja watu husahau: gari la zamani hukaa sana. Tairi ikisimama wiki sita mahali pamoja hupata ubapa, na mtetemo wake huisha baada ya kilomita kama 20. Pasha tairi moto kabla ya kupima.

Kwa rafiki yangu simu ilisema 50, na nyutro haikubadilisha kitu. Tukaenda kwenye shimo la gereji. Kama huna shimo, tumia stendi za chuma, zuia magurudumu, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wala usizungushe magurudumu kwa injini huku yananing'inia. Shafti zikiwa zimeinama kupita kiasi, krosi zitatetema hata zikiwa nzima.

Kabla ya kufungua boliti nne za nyuma ya propela tulichora mstari wa rangi kwenye flanji zote mbili. Hii si hiari. Propela ikirudi imegeuka nusu mzunguko, unaweza kuanzisha mtetemo mpya na usijue ulikotoka. Tukaichomoa kutoka gia boksi, tukaziba tundu kwa mfuko wa plastiki ili oili isimwagike.

Propela ikiwa garini, krosi zake zilionekana nzima, ukizitikisa hazichezi. Mkononi ilikuwa hadithi nyingine. Krosi ya nyuma ilipinda vizuri upande mmoja, lakini upande wa pili ilikwama katikati kabisa, kama kitasa kinachoingia kwenye tundu lake. Kandokando ya vikombe kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Sindano za beringi zilikuwa zimechimba mitaro.

Krosi mpya ilipunguza mtetemo lakini haikuumaliza, na simu bado ilisema 50. Tulipolisafisha bomba la propela tukaona mstatili mdogo uliong'aa, mahali ambapo kipande cha chuma cha balansi kilichochomelewa kiwandani kilikuwa kimetoka. Hapo tukatumia klipu mbili za mpira wa maji, tukazifunga kwenye bomba na vichwa vya skrubu vikiwa pamoja, tukahakikisha havigusi bodi, tukajaribu barabarani, tukarudi kuvisogeza robo mzunguko. Mara ya tatu kioo kilitulia. Klipu hizo ni za kupimia, si za kuachwa. Kisha propela ilikwenda kwa fundi mwenye mashine ya kubalansi, tukamwonyesha sehemu ile, ikarudi garini.

Gari sasa linapita 90 na nambari kwenye bamba la lori lililo nyuma inasomeka. Kuna kitu kidogo bado kwenye 26, akiwa na abiria wawili na mizigo. Springi za nyuma zilishushwa na mmiliki wa awali, kwa hiyo Jumamosi tunafungua shafti ya kushoto.