Mpangilio wa Baiti na Suala la Istilahi za Kiswahili

Makala haya yanalenga kueleza jinsi nambari kamili inavyogeuzwa kuwa safu ya baiti katika programu za tarakilishi, na kupendekeza istilahi mbili za Kiswahili zinazohusu mpangilio wa baiti hizo.

Baiti moja ni biti nane, nayo huweza kubeba thamani yoyote kuanzia 0 hadi 255. Nambari inayozidi kiwango hicho sharti igawanywe. Tuchukue mwaka wa uhuru wa Kenya, 1963. Tukiugawanya kwa 256 tunapata 7, na baki ni 171. Kwa hivyo, nambari hiyo hutoshea katika baiti mbili: 7 na 171.

Swali linalozuka ni hili: baiti ipi itangulie? Kanuni za mawasiliano ya intaneti hutanguliza ile yenye uzito mkubwa: 7, 171. Tarakilishi zenye vichakataji vya Intel, kwa upande mwingine, huhifadhi yenye uzito mdogo kwanza: 171, 7. Msomaji asiyejua kanuni iliyotumiwa atazidisha 171 kwa 256 na kujumlisha 7, apate 43,783. Baiti ni zile zile, ila mwaka wa uhuru umepotea.

Hali hii si ngeni kwa mwanaisimu. Mwarabu hutanguliza mamoja, akasema "tano na ishirini". Mswahili aliazima neno "ishirini" kutoka Kiarabu, lakini husema "ishirini na tano". Msamiati uliazimwa, mpangilio haukuazimwa.

Mnamo 1980, Danny Cohen aliziita kanuni hizi mbili kwa majina aliyoyatoa katika Gulliver's Travels (1726), riwaya ya Jonathan Swift ambamo watu wanapigana kuhusu ncha ya yai inayofaa kuvunjwa kwanza. Kejeli hiyo inapendeza. Hata hivyo, tukiitafsiri sisisi, mwanafunzi wetu ataliona yai asiione baiti. Kwa sababu hiyo ninapendekeza "kubwa-kwanza" na "ndogo-kwanza".

Kwa kuhitimisha, istilahi faafu ni ile inayomwonyesha mtumiaji jambo la kufanya. Tukiazima kila jina pamoja na hadithi yake, tutakuwa na kamusi nene na wanafunzi wasioelewa. Wasomi wenzangu wayapime mapendekezo haya, wayaboreshe.