Somo la Historia Ndani ya Basi la Arusha

Ukisafiri kutoka Dar kwenda Arusha, basi likikaribia Same hakosi abiria wa kuuliza: "Jamani, mnajua kwa nini wanaitwa Wapare?"

Basi bwana, zamani za mikuki na ngao, Wachaga walipigana na jirani zao wa mlimani. Jirani wakazidiwa, wakakimbilia juu milimani. Wachaga nyuma yao wanapiga kelele: "Mpare! Mpare!" Yaani, "Mpige! Mpige!" Vita ikaisha, kelele zikabaki kuwa jina la kabila.

Basi zima linacheka. Mpare aliyekaa siti ya nyuma anacheka kidogo tu.

Sisi wa darasa la historia tusiishie kucheka. Tuipime hekaya hii kwa maswali matatu.

Kwanza, wenyewe wanajiitaje? Wanajiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Kaskazini wapo Wagweno wenye Kigweno chao. Kwa hiyo hata kama hekaya ni ya kweli, inaeleza jina tu. Asili ya watu haielezi.

Pili, inaoana na mengine tunayoyajua? Ugweno ilisifika kwa wahunzi, na chuma chake kiliuzwa mpaka Uchagani. Pengine mkuki uliomkimbiza Mpare aliufua mwenyewe akauuza! Hekaya imekumbuka ugomvi, ikasahau soko.

Tatu, neno linatumiwa na nani, kwa faida ya nani? Hapa utani unaisha. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilichukua neno la kale, mbiru, lililohusu ushuru wa watawala wa jadi, ikalibandika kwenye kodi mpya. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare wakateremka milimani, wakakusanyika Same kuipinga, bila mikuki. Walijua neno lao lilimaanisha nini, hawakudanganyika. Mwishowe kodi ile ikafutwa.

Profesa Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali, akayalinganisha. Hakuyadharau, wala hakuyameza mazimamazima. Na sisi tufanye vivyo hivyo tunapoandika tasnifu zetu.

Kwa hiyo safari ijayo, abiria yule akianza tena hadithi yake bila ushahidi, tafadhali, usimpare. Muulize.